Kadi ya harusi na machungwa mabichi: Hesabu za kipupwe Nguvumali

KUANZIA mwanzoni mwa Juni hadi mwishoni mwa Agosti, upepo wa kusi unapokuwa umeshika na joto limepungua, mitaa ya kata ya Nguvumali katika Jiji la Tanga hubadilika sura. Maturubai hufungwa uani na barabarani karibu kila mwisho wa wiki. Mabasi yanayoingia kituo cha Kange hushusha watoto wenye mabegi makubwa kuliko wao. Nyumba ya vyumba vinne iliyokuwa ikilaza watu sita, huanza kulaza kumi na mmoja.

Ndicho kipupwe hicho. Kwa watu wa pwani hii ndiyo baridi yenyewe, ingawa mgeni kutoka Njombe akiambiwa hivyo atacheka. Usiku wa Julai nyuzi joto mjini Tanga hushuka hadi kama 20 tu, kiasi cha kumfanya mzee atafute shuka la pili na mama amvalishe mtoto sweta la mtumba anapokwenda madrasa alfajiri. Baridi ya kweli katika mkoa huu iko Lushoto, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi.

Hata hivyo, si hali ya hewa iliyoifanya miezi hii kuwa ya harusi, khitma, safari na wageni. Ni shamba. Familia nyingi za Nguvumali zina mguu mmoja mjini na mwingine Muheza, Mkinga, Pangani au Korogwe. Mahindi ya masika yaliyopandwa Machi hukomaa Julai. Msimu mkubwa wa machungwa ya Muheza huwa umefunguka. Barabara za vijijini, ambazo Aprili na Mei ni tope tupu, huanza kupitika. Shule zimefungwa kwa takriban mwezi mmoja. Kwa hiyo chakula, fedha, nafasi na njia hukutana kwa pamoja mara moja tu kwa mwaka, na wazee waliopanga shughuli zao wakati huo walijua walichokuwa wakifanya.

Imekuwa desturi kwa wataalamu, wakiwamo wa fani yangu ya uchumi wa kilimo, kuilaumu miezi hii. Husemwa kuwa mkulima wa pwani anavuna Julai, anacheza Agosti na kulia njaa Februari. Lawama hiyo ni nyepesi mno. Ukifuatilia shilingi ya familia moja kutoka kwenye mti wa mchungwa hadi kwenye sufuria ya pilau, utaona kwamba fedha nyingi haipotei kwenye harusi. Inapotea miezi miwili au mitatu kabla ya harusi, kimyakimya, pale mwenye shamba anapouza machungwa yakiwa bado mabichi ili apate fedha za kwenda kwenye harusi hiyo.

Kuuza mtini

Mfumo wenyewe unajulikana na kila mtu Muheza. Mnunuzi au dalali wake hufika shambani Aprili au Mei, matunda yakiwa bado ya kijani. Hupita chini ya miti, hukadiria kwa macho, kisha hutaja bei ya shamba zima au ya mti mmoja mmoja. Wakikubaliana, hutoa fedha papo hapo na tangu hapo matunda ni yake. Yakiiva, huleta wachumaji na lori. Sehemu kubwa ya mzigo huo huenda Dar es Salaam, na nyingine huvuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa na Nairobi, safari iliyorahisishwa sana baada ya barabara ya kilomita 65 kutoka Tanga hadi mpakani kuwekwa lami kwa fedha za Mfuko wa Changamoto za Milenia wa Marekani.

Tuchukue familia ya mfano yenye makazi Nguvumali na ekari mbili Muheza zenye miti 120 ya michungwa. Bei nitakazotumia ni za kufundishia hesabu tu. Msomaji aweke za kwao. Tuseme mnunuzi wa Mei anakadiria matunda 300 kwa mti na kutoa Sh 30 kwa tunda. Hiyo ni Sh 9,000 kwa mti, au Sh 1,080,000 kwa shamba zima. Matunda yakiachwa hadi Agosti, mti unatoa 400, kwa sababu jicho la mnunuzi siku zote huhesabu kwa tahadhari, na bei ya shambani ni Sh 35. Hapo ni Sh 14,000 kwa mti, yaani Sh 1,680,000. Tukitoa Sh 180,000 za mlinzi na wachumaji, zinabaki Sh 1,500,000.

Tofauti ni Sh 420,000. Kwa maneno mengine, familia imepokea Sh 1,080,000 mwezi Mei na kulipa kwa kuachia Sh 420,000 mwezi Agosti. Hiyo ni sawa na riba ya asilimia 39 kwa miezi mitatu, au asilimia 13 kwa mwezi. Mtu yuleyule akiambiwa achukue mkopo wa benki kwa kiwango hicho atakimbia, na atakuwa na haki ya kukimbia. Kwa sababu hapa hakuna fomu ya mkopo wala neno riba, na mkopeshaji anakuja na mzani wa macho yake, haionekani kuwa ni mkopo.

Tumtendee haki mnunuzi. Asilimia hizo si riba tupu. Matunda yanaweza kupukutika, wezi wanaweza kuingia, na bei inaweza kuanguka Julai, wakati kila mwenye michungwa anaposhusha mzigo kwa pamoja. Yote hayo ameyabeba yeye. Kuna miaka ambayo aliyeuza Mei ndiye aliyecheka. Tatizo ni kwamba mwenye shamba mara nyingi hauzi Mei kwa kuwa amepima hatari hizo akaona bora auze. Anauza kwa kuwa ana kadi tatu mezani na kamati ya harusi imetaja tarehe ya mwisho.

Daftari la michango

Harusi ya Nguvumali haigharimiwi na baba wa bibi harusi peke yake. Huko nyuma mchango uliletwa kwa kadi ya karatasi na bahasha. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ya simu ikafuata, fedha nyingi hupita kwenye simu. Kilichobaki vilevile ni daftari. Katika kila nyumba yenye binti au kijana wa kuoa lipo, limeandikwa nani alitoa nini, lini na kwenye shughuli ya nani. Kwa akina mama lipo na la pili: la kutunzana, sare, mchele na vyombo. Mama aliyekutunza siku ya shughuli yako, ukashindwa kumjibu siku ya kwake, hatakushitaki popote. Utajikuta tu turubai lako halina watu.

Mchumi akilisoma daftari hilo huona akiba. Mwenye mabinti watatu wadogo anatoa leo kwa majirani ishirini, na miaka kumi baadaye majirani hao ishirini watamrudishia. Hakuna makato, wala kusafiri kufuata tawi. Hasara yake inayofikiriwa ni mfumuko wa bei, maana elfu ishirini ya miaka kumi iliyopita si elfu ishirini ya leo. Lakini mila ililiona hilo mapema kuliko sisi, ndiyo maana anayerudisha huongeza kidogo, na asiyeongeza husemwa. Michango ya namna hiyo inagharimia pia misiba, ambayo haina kipupwe wala kiangazi, na hapo hakuna benki inayoweza kushindana na jirani anayefika na mkeka na unga kabla ya maiti kuoshwa.

Kwa hiyo ushauri wa "acheni michango" ni ushauri wa kuvunja benki pekee ambayo wengi wanayo. Ninachokilaumu ni ratiba. Daftari linaruhusu kutoa wakati wowote wa mwaka, ila kamati zinalikusanya lote ndani ya miezi miwili, Mei na Juni, na hiyo ndiyo miezi ambayo mahindi bado hayajakauka, machungwa mengi hayajaiva na akiba ya mwaka uliopita imekwisha. Dalali wa machungwa analijua hilo. Hahitaji kusoma gazeti la biashara kujua kwamba mwenye shamba ana haraka.

Kalenda mbili

Jambo moja huwatatiza watu wanaopanga mipango wakiwa Dar es Salaam, nalo ni kwamba Nguvumali ina kalenda mbili. Shamba linafuata jua na mvua, wakati sehemu kubwa ya sherehe zinafuata mwezi mwandamo, ambao hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2015 Ramadhani ilianza katikati ya Juni, na mwaka 2016 Idd el Fitr iliangukia mwanzoni mwa Julai. Kwa kuwa harusi kwa kawaida hazifungwi mwezi wa mfungo, shughuli za miaka ile zilisukumwa hadi Mfunguo Mosi na Mfunguo Pili, yaani mwishoni mwa Julai na Agosti. Bila yeyote kukusudia, tarehe zilisogea hadi baada ya mavuno. Kamati zilikusanya fedha wakati ambapo watu walikuwa nazo.

Miaka ya karibuni mambo yamegeuka. Idd el Haj iliangukia mwishoni mwa Juni mwaka 2023, katikati ya Juni mwaka 2024 na mwanzoni mwa Juni mwaka 2025, ikisogea kuelekea Mei. Hapo mbuzi wa kuchinja, nguo za watoto, michango ya harusi na maandalizi ya wageni vyote vilidai mfuko mmoja kabla ya mahindi kuvunwa. Ramadhani yenyewe imeshatoka kabisa kwenye kipupwe, na kwa kuwa mwezi mwandamo huzunguka mwaka mzima kwa takriban miaka 33, haitarudi huko hadi miaka ya 2040. Maana yake ni kwamba ile breki iliyokuwa ikiwekwa na mfungo haipo tena, na harusi za Juni zitaendelea kubanana na michango ya Mei.

Likaongezeka na jingine. Siku hizi Kidato cha Tano huanza Julai. Serikali ilifuta ada ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne kuanzia Januari 2016, na ile ya Kidato cha Tano na cha Sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, na hilo limesaidia wengi. Hata hivyo fomu ya kujiunga bado ina godoro, tranka, ndoo, sare na nauli, na kijana wa Nguvumali anaweza kupangiwa shule Kigoma au Songea. Mzazi ambaye mwaka mzima alijiandaa kwa Januari anajikuta na Januari nyingine katikati ya mwaka.

Wageni na kitoweo

Tanga husifiwa kuwa ni mji wa waja leo waondoka leo. Mgeni wa kipupwe haondoki leo. Wajukuu kutoka Dar es Salaam na Arusha huletwa shule zinapofungwa na huondoka zinapokaribia kufunguliwa, na bibi hana mpango wa kuwaandikia ankara. Watoto watatu wakila kilo moja na nusu ya unga na mchele kwa siku, kwa siku 28 hiyo ni kilo 42, karibu nusu ya gunia. Hili halimo katika bajeti ya mtu yeyote kwa sababu mahindi ni ya shambani, na cha shambani huhesabiwa kuwa cha bure. Si cha bure. Ni kilo 42 ambazo zitanunuliwa dukani Februari kwa bei ya Februari.

Kitoweo nacho kina yake. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na wavuvi wa ngalawa na vyombo vidogo hupunguza siku za kutoka. Anayekwenda Deep Sea alfajiri ya Julai hukuta samaki wachache na wanunuzi wengi, kwa kuwa wageni wote waliotoka bara wamekuja na hamu ya samaki. Hapo ndipo maziwa, maharage na mboga za Lushoto hubeba nyumba. Gari la mboga linaloteremka kutoka Soni kupitia Mombo hupanda tena na abiria: Wasambaa wa mjini wanaokwenda kuwasalimu wazee wao, na watoto wa pwani wanaokwenda kuona moshi ukitoka mdomoni mtu anapoongea.

Lakini wageni hawaji mikono mitupu, wala hawaondoki hivyo. Anayetoka mjini huleta sukari, sabuni, nguo, na fedha kidogo anayoiacha chini ya mto bila kusema. Anayerudi hufungiwa nazi, gunia la machungwa, debe la mahindi mabichi na mkungu wa ndizi. Angalia tumbo la basi lolote linalotoka Kange kwenda Dar es Salaam mwishoni mwa Juni na utaona soko zima ambalo halina mizani wala ushuru. Nyumba yenye ndugu wengi mjini huwa imekata bima kwa njia hiyo. Masika ikikosekana, simu hupigwa, na aliyekula machungwa Julai hutuma fedha Februari.

Wanaomaliza kipupwe wakiwa salama

Wapo wanaofanya shughuli zote hizi na bado wakauza machungwa yakiwa yameiva. Mara nyingi si matajiri kuliko jirani zao. Tofauti yao kubwa ni kuwa na fedha inayoingia kidogo kidogo mwezi Mei.

Ng'ombe wa maziwa ndiye mfano mzuri zaidi Tanga. Tangu miaka ya 1990, kupitia vyama vya wafugaji vilivyo chini ya Umoja wa Ushirika wa Wafugaji wa Tanga na kiwanda cha Tanga Fresh, mfugaji mwenye ng'ombe mmoja au wawili wa kufungia bandani ameweza kupeleka maziwa kila siku na kulipwa kwa mkupuo. Mei na Juni majani bado yapo kwa wingi kwa ajili ya masika, hivyo maziwa huwa mengi wakati uleule ambao kamati za harusi zinapiga simu. Mfugaji huyo anatoa mchango wake kwenye malipo ya maziwa na dalali wa machungwa anaambiwa arudi Agosti. Ukipima faida ya ng'ombe kwa lita pekee, utakuwa umeacha sehemu ya thamani yake shambani, juu ya michungwa.

Asiyekuwa na ng'ombe ana mchezo. Akina mama wengi hucheza, kila mwezi wakitoa kiasi kilekile na mmoja wao kupokea chote kwa zamu inayopangwa na kijumbe. Wengi hugombea zamu za mwanzo, kwa hoja kwamba fedha ya mapema ni tamu. Mwenye michungwa hapaswi kugombea hizo. Zamu yake ni Mei, hata kama itambidi aombane na mwenzake. Mchezo wa watu kumi wa Sh 50,000 unampa Sh 500,000 mwezi huo. Michango yake inalipika, na kama anahitaji zaidi anaweza kuuza mtini miti thelathini badala ya yote 120. Kuuza robo ya shamba kukiwa na njaa ya fedha si aibu. Hasara kubwa iko katika kuuza lote.

Aina ya mchungwa nayo husaidia. Msasa huwahi kuiva, lakini Valencia likishaiva linaweza kukaa mtini kwa wiki kadhaa bila kuharibika. Mwenye aina zote mbili anaweza kuuza msasa kwa ajili ya shughuli na kuliacha Valencia lipishane na msongamano wa Julai. Bahati mbaya mashamba mengi ni ya zamani, yalipandwa na mababu, na kupanda upya kunataka mtu mwenye subira ya miaka minne au mitano.

Kwa mahindi, adui wa pwani ni unyevu na dumuzi. Mvua za mchoo za Julai na Agosti huwakuta watu wameanika, na gunia likifungwa na unyevu unaozidi asilimia 13 au 14 huota ukungu, na ukungu huo una sumu. Mifuko isiyopitisha hewa inayouzwa siku hizi na mawakala wa pembejeo huua dumuzi bila dawa, mradi mahindi yamekauka sawasawa na mfuko haufunguliwi kila mgeni anapotaka ugali. Hapa ndipo nyumba nyingi hushindwa. Njia rahisi niliyoiona ni kutenga kabla ya wageni kufika: magunia ya kula kipupwe yanakaa jikoni, ya Februari yanafungwa na kulazwa chumbani kwa mwenye nyumba, chini ya kitanda.

Kamati nyingi za harusi za Juni hukaa kikao cha kwanza Februari au Machi. Hapo ndipo tarehe huwekwa, na mara nyingi mweka tarehe ni kaka wa mjini anayeangalia likizo yake ya kazini. Mjomba mwenye shamba huwa amekaa pembeni, akisubiri kuambiwa kiasi chake. Yeye ndiye angepaswa kuulizwa kwanza, tena swali moja tu: mwaka huu michungwa imetoa maua lini. Akijibu, kikao kinaweza kujua kama harusi iwe wiki ya pili ya Juni au ya tatu ya Agosti, na mabango ya ukumbi yaandikwe baada ya hapo.